Usisimame Hapa

Katika mtaa ule watu wazima hawakuwa na mazoea ya kukimbia, na mtu wa mwisho ambaye ungemdhania kuyaanzisha ni fundi wa majeneza.

Walimwita Jicho. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo na mkewe alilijua, ila hata huyo alilitoa siku za hasira tu. La Jicho lilitokana na kazi yake. Hakuwahi kumpima mtu kwa futi. Futi ya kamba ilikuwamo mfukoni mwa ovaroli yake ya kijani, lakini hiyo ilikuwa ya mbao. Binadamu alimpima kwa kumtazama mara moja, kuanzia utosini hadi kisiginoni, kisha akarudi karakanani kukata. Na kwa kuwa jicho la fundi halina likizo, aliwatazama hivyohivyo walio hai. Ukikutana naye dukani, atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, lakini macho yatakuwa yanashuka polepole mpaka kwenye viatu vyako na kupanda tena. Utajikuta unakohoa kidogo, kumwonyesha kwamba kifua ni kizima, kisha utakumbuka umeacha maji jikoni.

Ng'ambo ya barabara, karakana ikitazamana na karakana, alikaa mshindani wake, ambaye mtaa ulimwita Plaiwudi kwa sababu ya mali aliyoitumia. Majeneza yake yaling'aa kama meno ya mtangazaji na yalikuwa mepesi kama masanduku ya biskuti. Hakupiga misumari, alibana kwa stepla. Moja liliwahi kuachia kitako njiani kuelekea makaburini, tukio ambalo mtaa mzima ulikubaliana kutolitaja tena, na ambalo Jicho alilitaja kila siku.

Mambo yalianza na kizunguzungu. Jicho alikuwa akipiga randa, akaona ubao umekuwa mbao mbili, akapiga ule usiokuwapo. Mkewe akamvuta mkono hadi zahanati. Muuguzi alimfunga mkanda wa presha, akasoma, akafungua, akamfunga tena, akasoma tena. Kisha akampandisha kwenye mizani, na mshale ukaenda kulala upande wa pili.

"Baba, unafanya mazoezi?"

"Napiga randa."

"Nauliza mazoezi ya mwili. Kutembea, kukimbia."

"Nikimbilie wapi?"

"Popote. Usipokimbia wewe, presha itakukimbiza yenyewe. Na itakukamata."

"Ikinikamata?"

"Ikikukamata ndiyo basi, baba yangu."

Jicho akamtazama utosini hadi kisiginoni, kwa mazoea tu. Muuguzi akakohoa.

Kurudi nyumbani hakuwaza kifo. Kifo kilikuwa kazi, na kazi hakuiogopa. Aliwaza jambo la kiufundi. Mafundi wa majeneza pale walikuwa wawili, na siku ya kufa kwake mmoja wao angekuwa na udhuru. Kwa hiyo angebaki nani? Akajiona amelazwa ndani ya plaiwudi inayong'aa, stepla zikilia chini yake moja baada ya nyingine, wabebaji wakishuka kale kateremko karibu na kisima, halafu kitako kikiachia. Alisimama katikati ya barabara mpaka gari likampigia honi.

"Sizikwi kwenye boksi," akamwambia mkewe.

"Nani kasema unakufa?"

"Sijasema nakufa. Nimesema sizikwi kwenye boksi."

Akaamua kujitengenezea lake mapema, akiwa na nguvu na akili timamu. Tatizo la kwanza lilikuwa kipimo. Jicho lililompima kila mtu halikuweza kumpima mwenyewe. Kioo cha nyumbani kilimwonyesha kwa vipande, kama mbao zinazosubiri kuungwa. Mwisho akajilaza chali kwenye sakafu ya saruji ya karakana, na mkewe, ambaye ndiye aliyeshona vitambaa vya satini vya ndani ya majeneza, akachukua chaki akamzungushia mstari kama anayekata koti.

"Vuta tumbo ndani, baba."

"Nikifa nitalivuta?"

Mkewe akazungusha chaki kwa nje.

Jeneza lilitoka zuri kiasi kwamba Jicho alikaa nalo jioni nzima akilipapasa. Lilikuwa la mbao ngumu alizozificha kwa miaka mingi, pembe zimeumana bila gundi kuonekana, vanishi imepigwa na kupigwa msasa na kupigwa tena. Hakutaka lilale karakanani, mbele ya macho ya ng'ambo. Alitaka likae chumbani, nyuma ya kabati. Akawaomba wapita njia wamsaidie kulibeba hadi nyumbani, hatua chache tu kutoka karakana, akawashukuru, wakaondoka. Akalisukuma mlangoni mwenyewe, mkewe akivuta kwa ndani.

Liliingia kichwa, likagoma mabegani.

Wakalilaza ubavu. Ubavu nao ulikuwa mpana vilevile, kwa sababu tumbo lilihitaji kimo. Wakarudi nyuma, wakaja kwa kasi, likajibana kwenye fremu kama kizibo. Sasa Jicho alikuwa nje, mkewe ndani, na jeneza katikati yao kama kaunta ya posta.

"Liache lipumzike," Jicho akasema.

"Lipumzike! Hebu nikuulize. Lisiloingia likiwa tupu, litatoka wewe ukiwa ndani?"

"Tutavunja fremu."

"Fremu hii kaiweka marehemu baba yangu kwa mikono yake. Haivunjwi, hata ukifa mara mbili."

"Sasa nifanyeje, mama?"

Mkewe akaegemea jeneza kwa viwiko vyote viwili, akafikiri.

"Mlango hauna kosa," akasema. "Jeneza halina kosa. Mwenye kosa ni mmoja tu hapa."

Kutoka ng'ambo sauti ya Plaiwudi ikapaa. "Shemeji! Langu linapinda! Langu linapita hata dirishani!"

Ni sauti hiyo, si ya muuguzi, iliyomtoa Jicho kitandani asubuhi iliyofuata.

Alivaa ovaroli, kwa kuwa suruali isingekaa kiunoni ikitikiswa. Alivaa raba alizosahau mkwewe alipokuja kuoa, zenye kubana kidogo kwenye vidole. Penseli ilikuwa sikioni. Hakukumbuka kuitoa, kama wewe usivyokumbuka kuvua sikio. Akapiga moyo konde, akatoka. Alikimbia kama mtu anayehamisha kabati peke yake, lakini alikimbia.

Alichosahau ni kwamba mtaa ulikuwa umemsoma kwa miaka. Jicho akitembea taratibu, kuna mgonjwa. Akikaza mwendo, kuna msiba. Akikimbia, hakuna aliyejua ni nini, maana haikuwahi kuonekana. Ilibidi marehemu wawe wengi, au awe mkubwa sana.

"Jicho!" mama muuza chai akapiga kelele. "Nani?"

Jicho hakuwa na pumzi ya kujibu. Akainua mkono kumaanisha hakuna mtu. Mama muuza chai akauona ni mkono wa mwanamume aliyeshindwa kutamka jina. Akafungua aproni, akaitupa juu ya meza, akamfuata.

"Ni nani?" wakamuuliza waliofuata.

"Hasemi. Kapigwa na msiba, hasemi!"

Kona ya kwanza walikuwa wachache. Kona ya pili barabara ilijaa, watu na khanga mabegani, watu na sabuni masikioni, na nyuma kabisa mwenye maturubai, yule anayekodisha mahema na viti, akitembea kwa heshima huku simu iko sikioni. "Pakia lile kubwa," alisikika akisema.

Pumzi za Jicho zilikatika kwenye geti la bluu la mwalimu mstaafu wa hesabu. Alilishika geti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika, koo likatoa sauti ya mvukuto uliotoboka. Hapo hapakuhitajika maelezo zaidi. Mama muuza chai alikuwa wa kwanza kuweka mikono kichwani, na mtaa mzima ukapasua kilio.

Geti likafunguka. Mwalimu akatokea na mswaki mdomoni.

Kilio kikazimika kama redio iliyochomolewa.

"Mnamlilia nani?"

Watu wakatazamana. Mama muuza chai akafuta macho. "Wewe, Mwalimu."

"Nani kawaambia?"

Vidole vyote vikamwonyesha Jicho.

"Na... fanya... mazo... ezi," Jicho akasema akiwa ameinama.

"Kwenye geti langu?"

Mwenye maturubai akasogea mbele, amekunja uso kidogo, kama mtu aliyealikwa chakula akakuta meza tupu. "Mwalimu, turubai limeshapakiwa."

"Lipakueni."

"Sawa, Mwalimu. Hata siku nyingine yoyote, usisite."

Siku ya pili Jicho akabadili njia, akapita nyuma ya maduka, ambako aliamini hana shida na mtu. Pumzi zikamwishia kwenye ukuta wa muuza nyama. Muuza nyama, jitu la miraba minne ambalo halijawahi kumeza hata kidonge, alichungulia dirishani, akamwona fundi wa majeneza ameegemea ukuta wake akimtazama. Akarudi kitandani. Akawaita ndugu zake, akawaaga mmoja mmoja, akamsamehe hata shemeji yake ambaye walikuwa hawapeani mkono tangu harusi. Kufika mchana alikuwa buheri wa afya, lakini msamaha ulikuwa umeshatoka, na huo ndio uliomuuma. Shemeji alikuwa amekuja na kukaa sebuleni, ameweka miguu mezani.

"Yule mtu asisimame tena kwangu," muuza nyama akatangaza buchani, huku akichapa mfupa kwa shoka. "Kama ni mazoezi, afanye akiwa anapita."

Hakukuwa na kikao wala azimio. Asubuhi ya tatu Jicho alipotoka tu, alikuta watu wamesimama kila mmoja mbele ya mlango wake, huyu na ufagio, yule na fimbo, mwingine na ndoo.

"Usisimame hapa!"

"Pita baba, pita! Mbele kuna kivuli!"

"Kwetu hakuna mtu, tumesafiri wote!"

Alikuwa amepanga kufika kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Kwenye nguzo akakuta bibi mmoja amekaa juu ya kigoda na fagio la chelewa mapajani. "Mjukuu wangu, ukipumua hapa nakuchapa," bibi akasema, bila ubaya wowote. Jicho akaendelea. Muuza nyama alitoka na aproni yake ya damu, akamweka mkono mgongoni, akamsukuma kwa upole mpaka ulipoishia ukuta wake, kisha akamwachilia kama anayemkabidhi mtoto kwa mwalimu. Jirani wa pili akakataa kumpokea, naye akamsukuma mbele. Mama muuza chai alimpa maji akikimbia naye bega kwa bega, asije akasimama kunywa. Mwalimu alikuwa ametoa ubao getini na kuandika kwa chaki, kwa herufi za darasani, HAPA HAPANA.

Kumbe mtaa hauna pa kusimama. Jicho aligundua hilo akiwa ameuzunguka wote na mapafu yanamwaka moto. Palibaki mlango mmoja tu duniani. Alipoukaribia, mkewe alikuwa amesimama na mikono kifuani.

"Usisimame hapa," mkewe akasema.

"Hapa ni kwangu!"

"Na mimi naishi hapa. Zunguka tena."

Muuguzi alikuwa amemwagiza aanze kidogokidogo, atembee, akimbie, atembee. Muuguzi hakuishi mtaa ule.

Mtu pekee aliyemtakia mapumziko alikuwa Plaiwudi. Kila asubuhi alitangulia na kiti cha plastiki, akakitega mahali pazuri, karibu na geti la mzee fulani mwenye kikohozi au bibi fulani aliyekula chumvi nyingi, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Karibu ukae, jirani! Usijiue! Kupumzika si aibu!" Siku aliyokitega kwenye geti la bluu, Mwalimu alikirusha barabarani, kikamfuata mgongoni mpaka karakanani kwake.

Mwisho wa kila wiki Jicho alilala kwenye sakafu ya karakana, na mkewe akamzungushia chaki upya. Mstari mpya ulikaa ndani ya mstari wa zamani. Baada ya muda sakafu ilionekana kama kisiki kilichokatwa, mduara ndani ya mduara. Mteja mmoja aliyekuja kuagiza aliitazama michoro ile muda mrefu, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini kama ni familia nzima.

Kizunguzungu kikaisha. Ubao ukabaki mmoja. Zahanati, mshale wa mizani ulipanda na kusimama katikati, na muuguzi akausoma mkanda wa presha mara moja tu.

"Hongera, baba! Wengi huanza wakaacha. Wewe unajihimizaje?"

"Wananifukuza," Jicho akasema.

Akalivunja jeneza la kwanza, mbao zilezile akazipunguza, akaliunga upya kwa mstari wa ndani kabisa. Siku ya kulipeleka nyumbani mkewe alishika upande wa ndani, yeye wa nje, wote wamebana pumzi. Likapita. Halikugusa fremu, halikukwaruza hata rangi. Mkewe aliichunguza fremu juu na chini kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema tu, "Marehemu baba angekupenda leo." Wakaliweka nyuma ya kabati. Kabla ya jioni alikuwa ameshaweka mablanketi ndani yake.

Asubuhi iliyofuata Jicho hakuamka. Yaani aliamka, akageuka upande wa pili, akalala. Alijiona yuko sahihi kabisa. Meza ikishakamilika, huendelei kuipiga randa.

Nje, mtaa ulikuwa umejipanga na mafagio yake.

"Hajapita," mama muuza chai akasema.

"Labda kapitia nyuma."

"Nyuma hajapita," muuza nyama akajibu kutoka nyuma.

Mtu mmoja akauweka ufagio chini, wa pili naye akauweka. Wote walilielewa kwa wakati mmoja. Ni nani mwingine, kama si kifo, angeweza kumzuia Jicho asikimbie?

Jicho aliamshwa na kilio. Kwa sekunde chache alifurahi kama fundi yeyote anayesikia kazi inakuja, akajiuliza ni nani, akakisia urefu. Kisha akaona kilio kiko karibu mno. Akatoka na mswaki mdomoni.

Uwanja wake ulijaa. Mkewe, aliyekuwa uani akianua nguo, alikuwa amezingirwa na wanawake waliokuwa wakimfariji kwa nguvu, naye akijaribu kuuliza kuna nini. Mwalimu alisimama mbele na leso.

"Mnamlilia nani?" Jicho akauliza.

"Wewe, mwanangu," Mwalimu akasema. Akautazama mswaki, akaikunja leso. "Hukukimbia."

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Mlango. Jeneza linapita mlangoni. Kazi imekwisha."

"Na ukinenepa tena?"

Jicho hakuwa amelifikiria hilo. Kabla hajajibu, watu wakapishana, na katikati yao ukaja mkokoteni. Plaiwudi aliusukuma kwa adabu, macho chini, tai shingoni. Juu yake kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka, na kwa chini ya shuka kinang'aa.

"Shemeji, pole sana," Plaiwudi akamwambia mke wa Jicho. "Nilikuwa nimemwekea akiba tangu zamani." Alikuwa bado hajainua macho. Alisimamisha mkokoteni, akalibeba sanduku peke yake, kwa mkono mmoja, akaelekea nalo mlangoni. Lilikuwa la vipimo vya mstari wa chaki wa nje kabisa. Jicho aliliona hivyo kwa kulitupia jicho mara moja, na akatabasamu, kwa sababu aliufahamu mlango ule kuliko mtu yeyote.

Sanduku likagusa fremu. Likajikunja kidogo katikati, stepla zikalia kwi kwi kwi, na likapita.

Mke wa Jicho alijinasua mikononi mwa waliomfariji, akasogea, akalitazama sanduku lililokuwa sasa sebuleni kwake. Akaitazama fremu. Hata alama haikuwapo.

"Kumbe linapita," akasema taratibu.

"Mama!"

"Nasema tu, baba. Linapita hata na ule unene wako wa zamani."

Ndipo Plaiwudi alipoinua macho, akamwona marehemu amesimama na povu la dawa ya meno kidevuni. Alishtuka, lakini biashara ilimrudia haraka. "Jirani! Basi lihifadhini tu. Litakuja kufaa."

Jicho alitema povu. Akaingia ndani, akalipita lile sanduku bila kuligusa, akavaa raba. Alipotoka watu walikuwa wameshampisha njia, na wengine wamekimbilia makwao kusimama mbele ya milango. Plaiwudi alirudi ng'ambo na mkokoteni mtupu, akaketi nje ya karakana yake, mguu juu ya mguu.

Siku ile hakukimbia kama mtu anayehamisha kabati. Alipita kwa mama muuza chai kabla neno "pita" halijatoka mdomoni. Muuza nyama alinyoosha mkono kumsukuma akausukuma upepo. Bibi wa kwenye nguzo alishangilia, akakumbuka, akainua fagio. Nyuma yake walifuata wengi, wengine kwa mazoea ya kuhakikisha anapita, wengine, ingawa wasingekiri, kwa sababu miguu yao ilikuwa imeshazoea. Kwenye geti la bluu Mwalimu aliinua kile kibao chake juu kama bendera. Jicho akamaliza mzunguko, pumzi zake zimetulia kama za mtu aliyetoka kununua chumvi. Angeweza kuzunguka tena, na tena.

Alifika mbele ya karakana ya Plaiwudi, na pale akasimama.

Umati nyuma yake ukasimama. Plaiwudi akateremsha mguu wake chini.

Jicho aliinama akafunga kamba za raba. Hazikuwa zimefunguka. Alizifungua kwanza, akazifunga, akaridhika na ya kulia, akarudia ya kushoto. Kisha akanyanyuka, akaegemea mlango wa jirani yake kwa bega, akamtazama kuanzia utosini, taratibu, hadi kisiginoni.

Plaiwudi akakohoa.

"Jirani," akasema, "si uendelee tu? Mbele kuna kivuli."

"Hapa pananitosha," Jicho akasema.

Mama muuza chai, kwa kujiandaa tu, akaweka mikono kichwani. Na kule nyuma mwenye maturubai akatoa simu yake mfukoni, akasogea pembeni ambako kuna mtandao mzuri.